Papa Mzigo Dhidi ya Nyiramoto, Lac Vert

Mama Ernestine hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliwaita wafanyakazi wake wote watatu mezani, akasubiri Samy amalize kutafuna beignet yake, ndipo akasema kwamba kuanzia toleo lijalo jarida lao la hadithi za picha, *Jiwe*, litakuwa jembamba. Karatasi siku hizi ilipita njia ndefu kufika Goma, na kila aliyeigusa njiani aliongeza kitu juu ya bei. Hadithi mbili ndefu hazingeweza tena kukaa ndani ya jarida moja. Moja ingebaki, nyingine ingemalizwa kwa heshima, na mchoraji wake angehamia kwenye kurasa za mwenzake kama msaidizi.

Hakuna aliyeuliza ni hadithi zipi, kwa kuwa ndefu zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya Papa Mzigo, shujaa wa Luc Kamate. Papa Mzigo alikuwa mtu wa chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali wala injini, kinachoteremsha viazi na kabichi za Kibumba hadi masoko ya mjini. Hakukuwa na kitu alichoshindwa kubeba. Alikuwa amebeba lori lililokwama, kanisa la mbao pamoja na waumini waliokuwa wakiendelea kuimba ndani yake, na mara moja, katika toleo ambalo Luc mwenyewe alikiri lilizidi kidogo, daraja zima.

Ya pili ilikuwa ya Nyiramoto, shujaa wa Élodie Uwamariya. Nyiramoto alizaliwa lava iliposhuka mjini, na tangu hapo nyayo zake zinawaka. Akikimbia, mawe yanayeyuka nyuma yake. Akikasirika, moto unampanda hadi magotini. Élodie alikuwa amemchora tangu toleo la kwanza, kwanza kwenye makaratasi ya maboksi, baadaye kwenye meza hii iliyokaa juu ya duka la misumari na rangi huko Keshero. Wasichana wa mtaa walikuwa wakipaka sandali zao ndimi za moto kwa rangi ya kucha. Élodie aliwaona wakipita chini ya dirisha na hakuwahi kumwambia mtu kwamba alikuwa akiwahesabu kama mshahara wake.

"Tutafanya shauri, kama kawaida," alisema Mama Ernestine. "Mwenye nguvu zaidi anabaki."

Shauri lilikuwa desturi ya nyumba hiyo. Lilianza mwaka wa kwanza, siku Luc na Samy walipogombana kuhusu nani angemshinda nani hadi chupa ya wino ikavunjika ukutani, na doa lake bado lipo. Mama Ernestine, aliyefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kuanzisha jarida, aliweka kanuni. Ya kwanza: kinachohesabiwa ni kile kilichokwisha kuchapwa, mawazo yaliyomo kichwani mwa mchoraji hayana nguvu yoyote. Ya pili: ukiulizwa jambo la kweli, unajibu kweli. Ya tatu ndiyo iliyowasumbua wageni: mtu hamtetei shujaa wake mwenyewe. Anamtetea wa mpinzani.

"Kila mama anaona mutoto wake ni muzuri," alizoea kusema. "Hiyo nasikia kila dimanche kanisani. Hapa nataka kusikia jirani anasema nini."

Kwa hiyo Luc angemtetea Nyiramoto, na Élodie angemtetea Papa Mzigo. Akifanya kazi yake vizuri, angekuwa amemzika Nyiramoto kwa mkono wake.

"Na mutu akitetea vibaya kwa makusudi?" aliuliza Samy, ambaye kazi yake ilikuwa kutia rangi na kuandika maneno, na ambaye hakuwa na shujaa wa kupoteza.

"Nitaona," alisema Mama Ernestine. "Mutoto anayejifanya hajui, miye ninamujua kwa macho."

"Basi miye nitakuwa publiki, mutazamaji tu."

"Weye uko mutu wa rangi. Leta majina."

Samy aliandika majina ya mahali kwenye vipande vya karatasi, akavitumbukiza ndani ya kopo la burashi, akalitikisa kama mwuza karanga. Pambano lilihitaji uwanja, na uwanja ulipigiwa kura. Saa haikupigiwa kura. Mama Ernestine alipenda ukurasa wa kwanza uwe na jua linalochomoza, hivyo mashujaa wa *Jiwe* walipigana alfajiri siku zote, iwe walipenda au hawakupenda.

Mama Ernestine alichomoa karatasi moja, akaikunjua.

"Lac Vert."

Luc alipiga meza kwa kiganja. "Lac Vert! Iko bien kabisa. Maji, majani, mashimo ya kujificha mahali pote. Élodie, mama yangu, shujaa wako ameshashinda, na ni miye nitamushindisha."

Élodie aliinama kuokota penseli ambayo haikuwa imeanguka.

Alikuwa amekulia upande huo, magharibi ya mji, karibu na barabara ya Sake. Alijua mashimo ya Lac Vert vile mtu anavyojua ngazi za nyumba yao. Luc alitoka Butembo, na Butembo haina volkeno. Kwake yeye shimo lilikuwa shimo.

*

Jumatano Élodie alipanda moto-taxi, pikipiki ya abiria, hadi kwao, akamsalimia mama yake, akala viazi alivyowekewa, kisha akashuka kwa miguu hadi kwenye bonde dogo nyuma ya mashamba ya migomba. Jua lilikuwa limepanda na upepo wa ziwani ulikuwa ukivuma, kwa hiyo hapakuwa na hatari kubwa. Hata hivyo alisimama ukingoni, hakushuka.

Bonde lilikuwa limekaa kama bakuli. Majani ya ukingoni yalikuwa mabichi, ya katikati yamekauka rangi ya chai. Chini kabisa walilala ndege mdogo na panzi wengi, wamekufa, miili yao mizima, hakuna aliyeliwa, kwa sababu aliyekuja kuwala alikufa pia. Hiyo ndiyo mazuku. Watu wa hapo zamani waliiita upepo mbaya na kuisingizia wachawi. Élodie alifundishwa shuleni kwamba ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa tunayovuta, na kwa kuwa ni nzito inajaa mashimoni kama maji yanavyojaa. Haina rangi, na mtu anayepita haisikii harufu yake. Usiku inapotulia bila upepo inajikusanya, na alfajiri ndipo inakuwa nyingi kuliko saa nyingine zote. Jua na upepo vikija, inatawanyika.

Alipokuwa mdogo, mbuzi wa baba yake waliingia humo asubuhi moja. Wakubwa walitoka wakiyumba. Watoto walibaki wamelala, miguu imekunjwa vizuri, kama waliombwa wapumzike. Baba yake hakumsingizia mchawi. Alipima kwa macho urefu wa mbuzi mkubwa na wa mdogo, akasema: "Vichwa vyao ndivyo vilikuwa chini." Élodie aliipenda sentensi hiyo kuliko hadithi zote alizowahi kusimuliwa.

Sasa alichora bonde, akaweka kivuli pale majani yalipobadilika rangi, akafikiri bila haraka.

Moto hauwaki ndani ya mazuku. Huo ulikuwa ukweli, na hakuna aliyeweza kuubishia. Luc alikwisha kutangaza kwamba atamficha Nyiramoto shimoni. Mtetezi wa Papa Mzigo akisema neno moja tu, mazuku, moto wa Nyiramoto unazimika katika kisanduku cha kwanza cha picha, na Nyiramoto bila moto ni mwanamke aliyevaa gauni fupi mahali penye baridi. Na asiposema? Hakuna atakayejua. Samy alikuwa mtu wa Birere, mjini kabisa. Mazuku alisikia kwa jina tu. Mama Ernestine alikuwa na macho makali, lakini macho hayaoni kile ambacho mtu hajakisema. Nyiramoto angeruka kutoka shimoni na kushinda, wasichana wangeendelea kupaka sandali zao, na Luc angekuwa msaidizi kwa kosa lake mwenyewe.

Jambo moja lilimkera. Katika jarida lililosomwa Goma, Nyiramoto angekuwa amelala alfajiri ndani ya shimo la Lac Vert huku nyayo zake zikiwaka. Mtoto yeyote wa barabara ya Sake angeufungua ukurasa huo na kusema: haiwezekani. Na mtoto mwingine, wa mjini, angeuamini, na siku moja angejificha humo.

Alifunga karatasi zake. Haukuwa uamuzi wa moyo. Mchoro ulikuwa na kosa, na kosa linafutwa.

Hata hivyo, njiani kurudi alikuwa mkimya kiasi kwamba mwendesha pikipiki aliuliza kama ametoka msibani.

*

Jumamosi walikaa kama ilivyo desturi: Mama Ernestine mbele ya dirisha, Luc na Élodie wakitazamana, Samy juu ya stuli akiwa na matoleo yote ya *Jiwe* mapajani ili atafute ushahidi ukitajwa. Chini, mwenye duka alikuwa akipimia mtu misumari, na sauti yake ilipanda hadi juu.

Luc alianza. Alimtetea Nyiramoto kwa moyo wote, na Élodie, aliyekuwa amejiandaa kumsikiliza kwa ubaridi, aliona aibu kidogo kusikia mtu akimpenda mtoto wake kiasi kile.

"Toleo la tano," alisema Luc. "Anayeyusha geti la chuma. Samy, onyesha. Toleo la kumi, anakimbia kuliko pikipiki. Papa Mzigo, nguvu anazo, sibishi, ni miye nilimupa. Lakini ni mutu wa polepole! Kama chukudu haina mushuko, anasukuma. Nyiramoto anamungojea mu shimo, karibu na njia. Papa Mzigo anashuka na mizigo yake. Nyiramoto anatoka, paa! Anachoma chukudu. Mbao, Mama Ernestine! Mbao na moto! Papa Mzigo bila chukudu ni nani? Ni papa mumoja tu mwenye mabega."

"Umejichoma weye mwenyewe," alisema Samy.

"Niko natetea. Nyamaza."

"Élodie," alisema Mama Ernestine.

Élodie aliweka mchoro wa bonde katikati ya meza.

"Shimo lenyewe ni hili," alisema. "Kule kuna mazuku."

Alieleza. Alieleza hewa nzito, usiku usio na upepo, alfajiri, ndege, panzi na mbuzi wa baba yake. Hakuongeza chumvi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kwamba moto hauwaki mahali hapo, kwamba nyayo za Nyiramoto zingezimika kabla hajalala vizuri, na kwamba katika toleo la tisa, lililochapwa na kusomwa, mvua kubwa ilimzima moto akakaa mlangoni mwa duka la watu akingoja ianuke, hana nguvu za kufungua hata mwavuli.

Samy alifunua toleo la tisa. Nyiramoto alikuwapo, ameloa, amekunja mikono.

"Na Papa Mzigo?" aliuliza Mama Ernestine.

"Papa Mzigo hana moto wa kuzimika. Na hewa si tatizo kwake. Toleo la kumi na mbili, aliingia ziwani akainua mtumbwi kutoka chini. Alibana pumzi kurasa mbili nzima. Anashuka na chukudu yake, anabana pumzi, anamukuta Nyiramoto amelala, anamupandisha juu ya kabichi, anamupeleka nyumbani. Hakuna hata vita."

Huko chini mtu alisema misumari ile ni midogo, hakuagiza ya viatu.

"Élodie," alisema Samy taratibu, "weye ni mutu wa kutisha."

Luc alikuwa ameukodolea macho mchoro wa bonde. Hakuwa na uso wa mtu anayeshinda, ingawa kila neno lililosemwa lilimwachia kurasa zake. Alikuwa amempanga Nyiramoto ndani ya shimo kwa furaha, kama anayempangia mgeni kitanda, na kumbe kitanda kilikuwa kaburi. Jambo hilo lilimchoma. Alikuwa amepewa mtu wa kumtetea.

"Nina swali la kweli," alisema mwishowe. "Nyinyi watu wa kule, munajuaka namna gani kama mazuku iko mahali? Haina rangi. Haina harufu. Munajuaje?"

Élodie alikuwa amelitambua swali hilo tangu Jumatano, akiwa amesimama ukingoni, na alikuwa amefurahi kwamba haikuwa kazi yake kulileta. Kanuni ya tatu ilimkataza kumwokoa mtoto wake. Lakini ya pili ilimlazimu kujibu.

"Wazee walikuwa wanachukua moto," alisema. "Kijinga cha moto, ao taa. Unaishika chini, karibu na goti, unaenda mbele polepole. Ikizimika, unarudi haraka. Pua yako ingali juu, na hewa mbaya ingali chini. Si kipimo kizuri sana. Kuna watu waliokawia wakaanguka. Lakini njo kipimo walikuwa nacho."

"Karibu na goti," alisema Luc.

"Ndiyo."

"Na Nyiramoto moto wake uko wapi?"

"Kwa nyayo."

"Chini kuliko goti."

"Chini kuliko goti."

"Basi hawezi kulala mu shimo," alisema Luc, na maneno yakaanza kumtoka haraka. "Miye nilikosea. Hawezi kufika hata katikati! Anaweka muguu wa kwanza, moto unazimika, na pua yake ingali huku juu, hewa nzuri. Ni mutoto wa kule, toleo la kwanza linasema: alizaliwa kwa mawe ya lava. Anajua maana ya moto kuzimika. Anarudi nyuma, anakaa pembeni, anangoja."

"Anangoja nini?" aliuliza Mama Ernestine.

Élodie aliona jambo likimfikia Luc machoni kabla halijafika mdomoni. Samy naye aliliona.

"Luc," alisema Samy. "Papa. Funga mudomo. Ungali na kurasa zako, nenda kunywa chai."

"Aliulizwa," alisema Mama Ernestine.

Luc alivuta toleo la nane kutoka mapajani mwa Samy. Hakuna mtu chumbani ambaye hakulijua toleo la nane. Mara hiyo moja Samy alikuwa amechora jalada likimwonyesha Papa Mzigo akiteremka mlima amesimama wima, kifua mbele, na Luc aliligomea siku tatu. Mutu wa chukudu akishuka anapiga goti, alikuwa amepiga kelele: goti moja kwa kipande cha mpira, kifua juu ya mzigo, muguu mwingine nyuma kwa freni, na mukimuchora amesimama watu wa Kibumba watatucheka mpaka Rutshuru. Jalada lilichorwa upya. Tangu hapo, kila toleo lilimwonyesha Papa Mzigo akishuka vile vile, uso wake umelala karibu na kabichi.

"Anangoja Papa Mzigo ashuke mu shimo akimutafuta," alisema Luc. "Na Papa Mzigo anashuka amepiga goti. Pua yake iko wapi? Iko hapa, chini, ndani ya mazuku." Aliweka kidole kwenye jalada. Kilikuwa karibu na gurudumu.

"Atabana pumzi," alisema Élodie. Hiyo ilikuwa kazi yake na aliifanya. "Toleo la kumi na mbili."

"Toleo la kumi na mbili aliona maji. Mutu anabana pumzi juu ya vile ameona maji. Hii nani amemuambia? Toleo la kwanza, Papa Mzigo ametoka Butembo." Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti alichokijenga mwenyewe. "Mutu wa Butembo anajua nini ya mazuku? Miye nimeijua leo."

Élodie alitafuta jibu. Alitafuta kwa uaminifu, akapitia kichwani matoleo yote, kurasa zote, kwa ajili ya mtu wa Luc. Papa Mzigo alibeba lori, kanisa na daraja. Hakuna hata kisanduku kimoja ambamo alijua kitu asichokiona.

"Sina," alisema.

Mama Ernestine aliuchukua mchoro wa bonde, akautazama kwa muda, kisha matoleo yale mawili, la kwanza na la nane.

"Mulitetea vizuri wote wawili," alisema. "Kupita vile nilitazamia. Nyiramoto anabaki."

Hakuna aliyeshangilia. Samy aliteremka kwenye stuli, akaenda kumshika Luc bega, akasema kwamba katika miaka yote ya shauri hajapata kuona mtu akijifunga bao zuri namna ile, na kwamba kama ingekuwa mpira wangekuwa wamemwuza Ulaya. Luc alimwambia aondoe mkono wake wenye rangi kwenye shati safi. Alicheka, lakini alikuwa akiukunja na kuukunjua ukingo wa toleo la nane.

Élodie alisubiri Samy ashuke kununua chai.

"Ungeweza kunyamaza," alimwambia Luc.

"Weye pia ungeweza," alisema Luc. "Siku zote hizi umekuwa na hii dessin, huu muchoro, ndani ya mufuko."

*

Wiki iliyofuata walikwenda Lac Vert pamoja, saa sita mchana, upepo ukivuma. Kipindi cha mwisho cha Papa Mzigo kilipaswa kuchorwa vizuri, na Mama Ernestine alikuwa amekipa kurasa nyingi kuliko Luc alivyothubutu kuomba. Ziwa dogo lilikuwa chini ya kuta zake za mawe, kijani kizito kama mboga iliyochemshwa. Walilipita, wakafika nyuma ya migomba.

Luc alisimama ukingoni mwa bonde, mikono nyuma, akalitazama kama mtu anayetazama nyumba atakayopanga.

"Kwa hiyo hapa," alisema.

"Hapa. Usishuke."

"Sishuki. Nilishushwa tayari." Akachutama kidogo, akapima mteremko kwa macho. "Élodie, anakufa?"

Alikuwa amelifikiria hilo pia. "Si lazima. Mutu akianguka na akatolewa haraka, anaamka. Kichwa kinamuuma, anatapika, lakini anaamka. Ni wale wanaokawia njo hawaamuki."

"Nani atamutoa? Nyiramoto moto umezimika. Nguvu hana."

"Nguvu za moto hana. Mikono anayo. Toleo la tisa amekunja mikono, kwa hiyo iko. Na pumzi atabana yeye, juu ya vile anajua mazuku."

Luc alifikiri. Kazi yake ya zamani ya kusukuma chukudu ilianza kuamka ndani yake. Élodie aliiona ikianza shingoni.

"Chukudu ina magurudumu," alisema. "Mutu akilala juu ya chukudu, kunabaki kuisogeza tu. Lakini na mizigo hawezi, huu mupando ni mubaya. Amwage kwanza. Kabichi zote zibaki mu shimo. Halafu asisukume kutoka nyuma kama watu wa sinema, gurudumu la mbele litapinduka. Ashike usukani, atembee pembeni, avute." Alisimama, akashika usukani usiokuwapo, akapiga hatua tatu za kuvuta kuelekea juu, mabega yameinama. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya migomba alisimama kumtazama.

"Jambo," alisema Luc, bila kuachia usukani.

"Jambo, papa," alisema yule mama. "Musishuke mu ile shimo. Iko na mazuku."

"Tunajua, mama. Aksanti sana."

"Munajua na mungali munacheza hapa?" Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Élodie alikuwa ameketi juu ya jiwe, akichora. Alianza na bonde, majani mabichi na majani ya rangi ya chai. Akaweka kabichi zilizotawanyika chini. Akamchora Nyiramoto, nyayo zake nyeusi, hazina moto hata kidogo, mashavu yamevimba kwa pumzi aliyoibana. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumchora akifanya kazi bila moto, na mistari ilimjia rahisi kuliko alivyotegemea. Kisha akamweka Papa Mzigo juu ya chukudu, mabega yale mapana yamelegea, mkono mmoja ukiburuta ardhini.

Luc alikuja kusimama nyuma yake. Alitazama kwa muda mrefu, na Élodie aliacha atazame. Luc alikuwa akimtazama Papa Mzigo, mtu aliyeishi naye miaka mingi.

"Haiko vile," alisema mwishowe.

"Nini haiko vile?"

"Freni. Mpira wa freni unakaa juu ya gurudumu la nyuma. Weye umeweka mbele."

Élodie alitazama. Ni kweli, alikuwa ameiweka mbele. Alichukua kifutio, akaifuta, akampa Luc penseli ili aichore mwenyewe mahali pake.